Mpango wa kusaidia familia za malezi ya kambo: uzoefu wangu, na ile picha

Nitaanza na kilichoniudhi, maana mazuri yao wanajisemea wenyewe kwenye mabango.

Mimi ni mlezi wa kambo, yaani ninalea watoto waliotolewa kwao. Ninaishi na kijana aliye kwenye ule umri wa sauti kukwaruza na suruali kufupika kila ukigeuka, pamoja na mdogo wake wa kike. Ofisa ustawi wa jamii aliyewaleta ndiye aliyetuandikisha kwenye mpango huu, unaohudumia watoto wa malezi ya kambo na familia zilizo katika mazingira hatarishi. Vifaa vya shule, unasihi (ushauri nasaha), mafunzo ya walezi, mshauri wa kila kijana. Ukiwasikia wakieleza utadhani umefika.

Basi ikaja siku ya kugawa mabegi. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna picha. Unafika mezani, unakabidhiwa begi, unakabidhiwa na bango lenye nembo ya mfadhili, unasogezwa ukutani, unaambiwa utabasamu. Binti alitabasamu, hana habari. Kaka yake akasema kwa adabu kabisa, "Mama, naomba begi tu. Picha sitapiga."

Yule mama wa mapokezi hakumtazama hata usoni. Alinigeukia mimi. "Mlezi, hebu ongea na mtoto wako. Wenzake wote wamepiga. Anayeringa hapa hapati kitu." Kisha akafungua faili lake, foleni nzima ikisikiliza, akaanza kusoma kwa sauti: katolewa wapi, mama yake ana shida gani, hii ni nyumba ya ngapi kukaa. Alisoma kama anayetangaza matokeo ya mtihani! Mengine hata mimi nilikuwa siyajui, na nilikuwa nasubiri kijana aniambie mwenyewe siku atakayotaka.

Kijana aliliacha begi mezani akatoka. Mimi nikabaki nyuma kidogo, nikasema niliyosema, na ningeyasema tena.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hao hao ndio waliotufundisha. Kwenye mafunzo ya walezi, katika chumba kile kile, tulisomewa Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989: kifungu cha 12, mtoto asikilizwe, kifungu cha 16, faragha yake iheshimiwe. Tukasomewa na Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala ya 2009, kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao, na ndugu wasitenganishwe ovyo. Mwezeshaji alisisitiza mpaka akatoka jasho. Yule mama wa mapokezi siku hiyo alikuwa wapi, anahesabu chai?

Na tusidanganyane kwamba ni picha tu. Wapo watoto waliotolewa nyumbani kwa sababu kuna mtu mzima ambaye hatakiwi kujua walipo. Sare ya shule ikionekana nyuma ya begi, kashajua.

Nilikuwa nimeamua kuwapa alama ya chini kabisa. Lakini jioni ile ile akaja mshauri wa kijana, yule wa kujitolea, bila faili na bila kalamu. Hakuhubiri. Alimkuta kijana anahangaika na baiskeli, akakunja mikono ya shati wakahangaika wote. Akarudi tena, na tena. Ndiye aliyemsukumia kile cheti cha kuzaliwa kilichokuwa kimekwama miaka. Ndiye aliyeanza kumwuliza mambo ya baadaye, kwa sababu sehemu nyingi mtoto wa malezi ya kambo akigonga miaka 18 huduma zinakatika, wakati mtoto uliyemzaa hafungashwi virago siku ya kuzaliwa kwake. Wanazungumza kupika, kutunza hela, kupanga chumba, nani umpigie ukiugua usiku. Miongozo ile inataka maandalizi haya yaanze mapema, na kwa huyu bwana nimeona yanafanyika kweli.

Na mama yao mzazi? Naye yumo kwenye mpango. Anahudhuria vikao vya wazazi, na siku hizi anakuja kuwaona watoto akiwa ametulia. Mnasihi wake simjui kwa sura, ila matunda ya kazi yake nayaona kila binti anaporudi kutoka kuonana na mama yake, anakula vizuri na analala. Kwa hiyo nikafuta, nikaandika alama nne.

Halafu wiki iliyopita binti akaja na kalenda ya mpango. Nani yuko kwenye jalada? Yeye, na begi, na lile bango. Nilikuwa nimewaandikia barua kuhusu picha zile, wakanijibu wanashukuru kwa maoni yangu. Nimepiga simu, naambiwa "imeshachapwa, mama, na amependeza." Amependeza!

Nimeshusha alama mpaka mbili. Mwenye kijana anayekaribia kuondoka kwenye malezi amwandikishe tu, aombe mshauri mapema maana ni wachache, na kwenye fomu ya kujiunga akatae picha kwa maandishi kabla hajatia saini. Siku za kugawa vitu, nenda peke yako, watoto waache nyumbani. Kalenda zikikusanywa zote nitapandisha alama. Mama wa mapokezi akibaki pale mezani, sijui.