Mbegu za karoti kwa bustani ya nyumbani Mwanza: ipi ununue kwanza

Ukiulizia mbegu za karoti kwenye duka la pembejeo, mara nyingi utaulizwa, "Ya shilingi ngapi?" Wewe anza na aina. Karoti hupenda ubaridi wa nyuzi 16 hadi 21 hivi, na jua letu la mchana hupita hapo kirahisi.

Namba moja ni Kuroda, yenye asili ya Japani. Huvumilia joto vizuri na rangi yake haififii. Kwenye udongo wetu wa luseni, yaani wa kichanga, hushuka bila kupinda, mradi umeokota changarawe na hujaweka samadi mbichi, maana samadi hiyo huifanya karoti iote miguu miwili. Ipande mwishoni mwa Mei mvua zikikatika, ikulie Juni na Julai usiku ukiwa na ubaridi. Huchukua miezi mitatu na siku kadhaa.

Ya pili ni Chantenay: fupi, nene, inafaa kwa mwenye udongo mzito wa mbuga au tuta lisilo na kina. Nantes naiweka ya tatu. Ni tamu sana, ila tuwaachie wenzetu wa Lushoto, milimani kwenye baridi.

Ukitaka kuchanganya, ongeza bitiruti aina ya Detroit Dark Red. Pakiti ndogo inatosha, kwani punje moja huotesha miche miwili hadi minne. Figili nayo huwa tayari kuliwa ndani ya mwezi.

Sasa pakiti yenyewe. Niliwahi kununua mbegu za kupimwa kwa kijiko kutoka kopo lililokaa wazi dukani. Nilimwagilia asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Nilipofunua tuta la mita tatu nikahesabu miche kumi na mmoja. Iliniuma. Mbegu ya karoti haikai muda mrefu, na joto pamoja na unyevunyevu huimaliza upesi zaidi. Chukua pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na usome tarehe kabla ya kulipa. Gramu 10 zinatosha matuta ya nyumbani na kubaki.

Ukitoka hapo pitia sokoni ununue gunia kuukuu la katani. Karoti huota kati ya siku 7 na 21, na tuta likikauka siku moja tu, kichipukizi hufia chini. Funika, mwagilia juu ya gunia, na uliondoe jioni ya siku utakapoona kijani cha kwanza.