Darasa la ndoa kwa tuliowahi kuachika: Barani, Malindi

Mimi na mwenzangu tumemaliza wiki 6 za darasa hili, kila Jumamosi saa tisa alasiri. Nawaandikia walio kama mimi: uliolewa kanisani, ukaachwa, na sasa kuna mtu anataka kukuoa kwa heshima.

Kanisa nililotoka lilinisimamisha Meza ya Bwana mara tu habari za kesi zilipowafikia wazee. Hakuna aliyeniuliza nani aliondoka nyumbani. Aliondoka mume wangu, miaka 4, bila hata pesa ya unga. Hapa Barani, siku ya kwanza ya darasa, mchungaji aliomba amri ya mwisho ya talaka, ile yenye muhuri wa mahakama. Nilikuwa nimeifunga ndani ya leso. Akainyoosha mezani kwa kiganja, akaisoma yote kimya kimya, kisha akasema, "Pole sana, mama. Tuanzie hapa." Nililia.

Lakini hawakupitishi tu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inakuruhusu kuolewa tena ukishapata amri hiyo. Kanisa bado lina maswali yake. Mathayo 19, Yesu anapozungumzia talaka, tuliisoma mara mbili, halafu Paulo kwa Wakorintho, kwamba asiyeamini akijiondokea, aliyeachwa hafungiki. Mchungaji akatueleza kuwa Ungamo la Westminster, tamko la imani la Kiprotestanti la karne ya 17, lilishataja uzinzi na kutelekezwa kuwa sababu za talaka, na kwamba Kanisa la Uingereza lilikubali 2002 kuwafungisha ndoa waliotalikiana, tena kwa masharti. Kumbe swali langu ni la zamani hivyo!

Kipindi cha watoto ndicho kilichonigusa zaidi. Kijana wangu wa miaka 13 aliulizwa atamwitaje huyu bwana. Akainamisha kichwa. "Anko, kwanza." Mwenzangu akamjibu, "Anko yatosha, mwanangu."

Kasoro ni fomu: ina mstari mmoja tu wa baba wa watoto. Wangu wawili wana baba yao, mwenzangu naye ana mtoto wake mmoja. Tuliandika pembeni mpaka karatasi ikajaa. Tafadhali ichapisheni upya. Na suala la matunzo na madeni ya ndoa ya kwanza lilipewa robo saa, wakati ndilo linalotukosesha usingizi.

Kijitabu ni shilingi 300, chai na mahamri bure. Tangazo letu la ndoa lilisomwa kanisani Jumapili iliyopita. Kijana alikaa benchi la mbele, karibu na anko wake.