Unity of Command: gemu ya vita inayojua kesho una kazi

Kila mtu akiniuliza aanze na gemu gani ya vita kwenye kompyuta, jibu langu ni lilelile miaka sasa, Unity of Command, ile ya kwanza ya 2011 ya wale jamaa wa Kroatia, 2x2 Games. Kampeni ya Stalingrad, Mjerumani na Mrusi kwenye Vita vya Pili vya Dunia, ramani ya vyumba vya pembe sita, unasogeza vikosi, unapiga, unamaliza zamu, kompyuta inacheza zake fasta, zamu imerudi kwako. Hata nyongeza zake wameziita Red Turn na Black Turn, yaani zamu iko mpaka kwenye jina.

Utasema magemu yote ya zamu si ndo hivyohivyo? Wapi. Chukua War in the East ya mtunzi wa magemu Gary Grigsby na wenzake, 2010, ya vita hivyohivyo vya Mjerumani na Mrusi. Zamu moja ni wiki nzima ya vita, na kampeni kubwa ya 1941 mpaka 1945 ina zamu zaidi ya 200. Ile ya kwanza, Juni 1941 upande wa Mjerumani, nilianza Jumamosi baada ya chai, nakuja kumaliza adhana ya magharibi imeshapita na Mrusi hajagusa kitu bado!! Siisemi vibaya, wenyewe wapo na wanalipa, 2021 ikatoka ya pili. Ila wanunuzi ni walewale. Binamu yangu nilimwonyesha, akacheka akaondoka.

Wacheza bao watanielewa. Zamu ya mwenzako inaweza kuzunguka weee mpaka kete yake ilale, lakini hukereki, manake unaangalia, unahesabu, na watu wa barazani wanapiga kelele. Kungoja nako ni mchezo. Kwenye kompyuta uko peke yako na mausi, zamu ikiwa ndefu ni ndefu kweli.

Gemu ya Combat Mission ya 2000, tatizo hilo la kungoja walilitatua kivyao, nyote wawili mnapanga amri halafu sekunde 60 zinachezwa kwa pamoja na wewe unaangalia tu roho juu, safi sana.

Unity of Command yenyewe imeenda njia ya kukubana. Kila mapigano yana idadi ya zamu, na ukiteka miji mapema ushindi unahesabika mkubwa zaidi. Kabla hujapiga inakuonyesha hasara inayotarajiwa pande zote mbili, kwa hiyo hupotezi nusu saa kusoma majedwali. Majuzi nashuka kusini ya mto Don, zamu zimebaki mbili, vifaru vyangu vimetangulia mbele vyenyewe, nikajiona jenerali. Kikosi kimoja tu cha Kirusi kikapenya nyuma kikakaa kwenye reli. Saplai ikakata, vifaru vikapooza palepale kama daladala iliyoishiwa mafuta, mji nauona, siufikii. Kosa nililifanya zamu moja nyuma nilipoacha pengo ubavuni, nikaliona saa hiyohiyo, nikaanza upya saa tano usiku na kabla ya saa sita nimeumaliza. Kwenye gemu ya zamu 200 kosa kama hilo unakuja kuligundua mwezi ujao.

Na hapo ndo naona biashara ilipo. Kampuni ya SSI walikuwa wanatengeneza magemu haya tangu Computer Bismarck ya 1980, lakini iliyowatoa nje ya mashabiki wao walewale ni Panzer General ya 1994, zamu nyepesi, idadi yake inajulikana, ikafika mpaka PlayStation, na Panzer Corps ya 2011 bado inavaa nguo zilezile. XCOM, gemu ya zamu ya askari wanaopigana na viumbe wa anga za mbali, nayo hivyohivyo, ya zamani ulikuwa unahesabu pointi za muda kwa kila askari, kampuni ya Firaxis ilipoitengeneza upya 2012 wakasema kila mtu ana vitendo viwili kwa zamu, basi, na watu ambao hawajawahi kugusa gemu ya zamu wakanunua.

Unity of Command ubaya wake upo. Ukiutaka ule ushindi mkubwa kabisa, baadhi ya ramani zinakuwa kama fumbo lenye jibu moja, na hiyo inaudhi hasa siku ambayo ulitaka kupigana kwa akili yako mwenyewe.

Unity of Command ya pili, ya 2019, wameongeza makao makuu na kadi, vitu vizuri tu, lakini zamu nayo imerefuka. Nimeinunua, nimeipenda, siku za kazi nafungua ya kwanza.