Gitaa la stili la pedali lililotumika: uliuze au uliongezee nyenzo za goti?

Sho-Bud Maverick, gitaa la kulazwa ambalo sauti ya nyuzi zake hubadilishwa kwa pedali za miguu, lilitengenezwa Marekani kwa ajili ya wanafunzi: nyuzi 10, pedali 3 na, kwa kawaida, wenzo 1 tu wa goti, yaani mkono unaosukumwa kwa goti ili kubadili sauti ya uzi. Mpigaji wa muziki wa kantri anayetumia E9, mpangilio wa kawaida wa sauti za nyuzi, leo hutarajia nyenzo 4 au zaidi.

Kwa gharama, kuuza kunashinda. Kuongeza nyenzo kunadai vipuri na saa nyingi za fundi, na fedha hizo ni nadra kurudi ukija kuliuza. Kuhusu kutegemewa, nina shaka kubwa zaidi: mtambo wa Maverick unaovuta nyuzi uliundwa kwa mivuto michache, na ukiubebesha mingine, uzi huenda usirudi sawasawa. Hilo ni zito, maana uhai wa gitaa hili ni sauti kupanda, kushuka na kutua pale pale.

Matunzo hayatofautiani sana.

Marekebisho hushinda kwa gitaa la daraja la juu lililokosa wenzo 1 au 2 tu. Mwanafunzi mwenye haraka auze, aongeze fedha, anunue lenye nyenzo 4. Mwenye fundi mzuri karibu abaki nalo, ila ahifadhi kila kipande cha asili kinachotolewa. Mnunuzi wa kesho atakiulizia.