Bungeni au kwenye sanduku la kura?

Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kimekwama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Piga hesabu: saa 40 kwa wiki ni dola 290, kabla ya makato. Kukipandisha kuna njia mbili.

Ya kwanza ni Congress, yaani bunge la Marekani, na huko chama ndicho kila kitu. Machi 2021 pendekezo la dola 15 liliangushwa Seneti kwa kura 58 dhidi ya 42. Republican wote walilikataa, na baadhi ya Democratic pia.

Ya pili ni kumuuliza mpiga kura mwenyewe, jimbo kwa jimbo. Hapa mambo hugeuka. Florida, Novemba 2020, Trump alishinda, na karatasi hiyohiyo ikapitisha dola 15 kwa zaidi ya asilimia 60. Yaani wapo waliotia alama kwa Republican, wakashuka chini wakatia alama kwa nyongeza. Missouri nayo vivyo hivyo, 2024.

Mimi naipendelea hii ya pili, ingawa ina mapengo. Wabunge wa Missouri walirudi 2025 wakafuta kipengele cha kuongeza mshahara kulingana na mfumuko wa bei. Na Texas, ambako wananchi hawaruhusiwi kupeleka hoja kama hiyo kwenye kura, bado ni 7.25.