Paipu ya oili ya gia: kuunga hosi au kuweka chuma kipya?
Matone mekundu chini ya gari langu kuukuu la otomatiki yalinipeleka Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi: paipu ya chuma inayopitisha oili ya gia kwenda kupozwa kwenye rejeta ilikuwa inavuja. Kuunga ni nusu saa: fundi anakata palipoliwa na kutu, anavisha hosi, anakaza klampu. Rahisi, lakini hosi iwe ya oili ya gia. Hosi ya maji huvimba na kulainika, kisha inachomoka ukiwa kwenye foleni ya Mombasa Road. (Muuzaji atakuapia zote ni moja.) Paipu mpya ya chuma hukunjwa kwa kufuata paipu ya zamani, ni ghali, ila mimi ndiyo niliyochagua. Oili nayo ikague: kahawia yenye harufu ya kuungua, badilisha. Ikiwa pinki kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Usiwashe injini tena.