subprocess ya Python: nilivyojifunza kuilisha faili

Kazi yangu ya kila siku ni kuchambua mafaili marefu ya kumbukumbu za seva kwa programu za amri zinazoitwa kutoka kwenye kodi. Moduli ya subprocess, sehemu ya Python inayoendesha programu nyingine, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza.

Kwenye terminali nimezoea kuandika sort < majina.txt. sort ni programu ya kupanga mistari, na alama ile ya katikati ndiyo inayoilisha faili. Nikaipeleka amri hiyo vivyo hivyo kwenye Python:

subprocess.run(["sort", "<", "majina.txt"])

sort ikalalamika kuwa hakuna faili linaloitwa "<". Jioni yangu nzima iliishia hapo, nikikagua njia ya faili ambayo haikuwa na kosa lolote. Kumbe alama ile ni ya Bash, programu inayosoma amri unazoandika kwenye terminali. Bash ndiyo inayofungua faili, inaliunganisha na ingizo sanifu (stdin, mlango ambao programu husomea data), halafu ndipo inaiita sort. Ukiita programu moja kwa moja, Bash haipo, na kazi hiyo unabaki nayo wewe:

with open("majina.txt") as f:
    subprocess.run(["sort"], stdin=f)

Hapa ndipo moduli hii iliponikamata moyo. Data haipiti mikononi mwa kodi yangu kabisa. Sort inakabidhiwa faili lenyewe na kujisomea. Hata likiwa la gigabaiti kadhaa, kumbukumbu ya Python haitikisiki. Wapo wanaokimbilia shell=True, yaani kuipitisha amri kwenye shell (programu ya kusoma amri, kama Bash), ili "<" ifanye kazi. Tafadhali usifanye hivyo kama jina la faili linatoka kwa mtumiaji: nukta mkato moja ndani ya jina inatosha kuendesha amri nyingine.

Ukitumia Popen (njia ya kuanzisha programu bila kuisubiri imalize) na PIPE (bomba la kupitisha data kati ya kodi na programu), tumia communicate, inayoandika na kusoma kwa pamoja. Kwenye Linux bomba hubeba baiti 65,536 kwa kawaida. Ukiandika tu bila kusoma majibu, kodi yako na programu vinaweza kusubiriana milele.

Sasa nyota niliyoizuia. Nilitaka kuruka mstari wa vichwa, nikaita f.readline() kisha nikampa sort f ileile. Majibu: hakuna hata herufi moja, wala hitilafu. Python ilikuwa imevuta faili dogo lote kwenye akiba yake kwa ajili ya mstari mmoja, sort ikakuta mwisho wa faili. Siku hizi nikitaka kuruka mstari nafungua kwa "rb" na buffering=0, yaani kama baiti ghafi bila akiba, na mistari iliyobaki inafika yote. Lakini ukimya ule ulinigharimu ripoti mbili tupu kabla sijashtuka, na ningefurahi sana moduli ingenipa onyo japo la mstari mmoja.